Fidia ya Vifo vya Ajali za Barabarani nchini Kenya

Fidia ya vifo vya ajali za barabarani ni malipo ambayo familia ya marehemu hudai kutoka kwa dereva aliyesababisha kifo kwa uzembe, mwenye gari, au kampuni iliyolikatia gari hilo bima. Nchini Kenya, ambako zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, madai haya ni sehemu kubwa ya kazi za mahakama za mahakimu. Msingi wake ni sheria mbili: Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo (Sura ya 32), inayowalinda wategemezi, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Sura ya 26), inayolinda mirathi ya marehemu. Kesi ya jinai dhidi ya dereva na fidia ya aliyefia kazini hufuata njia zake. Sheria yenyewe ni pana. Hata hivyo, madai mengi huporomoka kwa sababu ya muda uliopita na nyaraka zilizokosekana.

Asili

Sheria ya Kenya ilirithiwa kutoka Uingereza. Huko, mwaka 1808, katika kesi ya Baker dhidi ya Bolton, mume na mke walikuwa juu ya gari la farasi la abiria lililopinduka. Mke alifariki yapata mwezi mmoja baadaye. Mume alilipwa kwa maumivu yake mwenyewe na kwa kukosa huduma ya mkewe hadi siku aliyokata roho, basi. Hakimu Lord Ellenborough aliamua kwamba kifo cha mwanadamu hakiwezi kulalamikiwa kama hasara katika mahakama ya madai. Kwa kanuni hiyo, kumjeruhi mtu kulikuwa na gharama kubwa kuliko kumuua.

Vifo vya reli vilipoongezeka, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mwaka 1846, maarufu kwa jina la Lord Campbell, iliyowapa wategemezi haki ya kudai. Mwaka 1934 ikafuata sheria nyingine iliyoruhusu haki za marehemu mwenyewe ziendelee baada ya kifo chake. Sura ya 32 na Sura ya 26 za Kenya zinafuata nyayo za sheria hizo mbili.

Kesi ya jinai

Chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403), anayesababisha kifo kwa kuendesha gari ovyo au kwa mwendo wa hatari, au kwa kuliacha gari barabarani katika hali ya hatari, anaweza kufungwa hadi miaka 10. Mashtaka huendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Familia si mshtaki, lakini Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inaipa haki ya kusikilizwa kupitia wakili wake, na Mahakama ya Juu ilithibitisha haki hiyo mwaka 2020.

Kesi ya jinai hailipi karo wala kodi ya nyumba. Manufaa yake kwa familia ni ushahidi: chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, dereva akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo ni uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa. Hata hivyo upande wa utetezi bado unaweza kudai kwamba marehemu naye alichangia ajali. Dereva akiachiliwa, mlango wa madai haufungwi, kwa kuwa kesi ya madai hupimwa kwa uzito wa ushahidi wa pande mbili, kipimo chepesi kuliko kile cha jinai.

Katika baadhi ya jamii, hasa kaskazini mashariki, wazee wa pande mbili hukaa na kukubaliana diya, yaani fidia ya damu. Makubaliano hayo hayaifuti yenyewe kesi ya jinai iliyokwisha kufunguliwa.

Dai la wategemezi

Sura ya 32 inawataja wanaofaidika: mke, mume, mzazi na mtoto. Mzazi ni pamoja na babu, bibi na mzazi wa kambo. Mtoto ni pamoja na mjukuu na mtoto wa kambo. Ndugu wa marehemu hawamo. Kaka mkubwa aliyekuwa akiwasomesha wadogo zake akifa, wadogo hao hawana dai kwa jina lao chini ya sheria hii, hata kama wao ndio waliomtegemea zaidi.

Kesi hufunguliwa na msimamizi wa mirathi kwa niaba ya wategemezi wote. Asipokuwepo, au akikaa miezi sita bila kufungua kesi, wategemezi wenyewe wanaweza kushtaki. Kesi ni moja tu kwa kifo kimoja, hivyo mke aliye mjini na wazazi walio kijijini hawawezi kufungua kila mmoja yake. Majina yote huorodheshwa katika hati moja ya madai, na mahakama humgawia kila mtu fungu lake. Fungu la mtoto aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida huwekwa akiba kwa amri ya mahakama, na mapatano yoyote yanayomhusu huhitaji idhini ya mahakama.

Dai la mirathi

Sura ya 26 inashughulikia kile ambacho marehemu mwenyewe angedai lau angepona: maumivu aliyoyapata kabla ya kufa, kupotezewa umri wa kuishi, na gharama za matibabu. Gharama za mazishi nazo hudaiwa hapa. Aliyekufa papo hapo hupewa kiasi kidogo kwa maumivu kuliko aliyelazwa wiki kadhaa kabla ya kufa. Fedha hizi huingia katika mali ya marehemu na kugawanywa kwa sheria ya mirathi.

Dai hili halifunguliwi bila hati ya usimamizi. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba asiye na hati hiyo hana uwezo wa kuleta dai la mirathi, na kuipata baadaye hakuifufui kesi iliyofunguliwa kabla yake. Familia isiyo tayari kugawana mali inaweza kuomba hati yenye mipaka, ijulikanayo mahakamani kama ad litem, ambayo kazi yake ni kuendesha kesi tu. Mwombaji huja na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja jamaa wa marehemu.

Madai ya sheria zote mbili huletwa katika kesi moja. Kwa kuwa wanaofaidika mara nyingi ni walewale, hakimu hulizingatia hilo ili wasilipwe mara mbili. Mahakama ya Rufaa ilifafanua mwaka 2015 kwamba kulizingatia hakumaanishi lazima fungu moja litolewe lote katika jingine.

Jinsi fidia inavyohesabiwa

Sheria ya Kenya haitoi malipo kwa ajili ya majonzi ya wafiwa. Kinachopimwa ni riziki iliyokatika. Hakimu huchukua kipato halisi cha marehemu kwa mwaka, hukizidisha kwa idadi ya miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, iliyopunguzwa kwa sababu maisha hayana hakika, kisha huchukua sehemu iliyokuwa ikienda kwa wategemezi. Kwa mtu mwenye mke na watoto, sehemu hiyo mara nyingi huwa theluthi mbili.

Tuchukue mfano wa mwenye duka wa miaka 35 aliyekuwa akibakiwa na Sh30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh360,000. Hakimu akimkadiria miaka 20, ni Sh7,200,000. Theluthi mbili yake ni Sh4,800,000.

Ugumu uko katika kuthibitisha kipato. Mwalimu ana hati ya mshahara. Muuza mboga na mwendesha bodaboda hawana. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikataa wazo kwamba kazi na kipato huthibitishwa kwa karatasi peke yake, ikisema kufanya hivyo ni kuwadhulumu Wakenya wengi wanaojipatia riziki bila kuweka rekodi. Ushahidi wa mjane, wa wateja, au wa karo zilizokuwa zikilipwa unaweza kutosha. Usipotosha, mahakama nyingi hutumia kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na Serikali, au hutoa jumla moja ya makadirio, hasa aliyekufa akiwa mtoto. Fidia hupungua kwa kiwango cha uzembe wa marehemu mwenyewe, jambo linalowagusa zaidi waenda kwa miguu na waendesha pikipiki kuliko abiria.

Nani analipa

Anayeshtakiwa kwa kawaida ni dereva pamoja na mwenye gari, kwa kuwa mwenye gari hubeba uzembe wa anayemwendeshea. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo maana mawakili huomba nakala ya rekodi za gari kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) badala ya kutegemea jina la sako (chama cha wenye matatu) lililoandikwa ubavuni mwa matatu.

Sheria ya Bima ya Magari (Sura ya 405) inamtaka kila mwenye gari awe na bima ya kuwalinda watu wengine. Kampuni ya bima hulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, mradi iwe imearifiwa kuhusu kesi ndani ya muda uliowekwa. Wajibu huo una kikomo cha Sh3,000,000 kwa mdai mmoja. Katika mfano wa mwenye duka, Sh1,800,000 zilizobaki zitatafutwa kwa mwenye gari mwenyewe.

Kampuni ikifilisika, Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima hulipa hadi Sh250,000 kwa kila mdai. Gari likiua na kutoroka bila kutambuliwa, Kenya haina mfuko wa taifa kama Road Accident Fund ya Afrika Kusini. Kwa mabasi yanayovuka mipaka, Kadi ya Njano ya COMESA hubeba bima ya lazima kutoka nchi moja hadi nyingine, na Tanzania inashiriki mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA.

Aliyefia kazini

Dereva wa lori au utingo aliyekufa akiwa kazini huangukia Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Wategemezi hawahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri, lakini hawawezi kumshtaki mahakamani kwa kifo hicho. Dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12 tangu kifo.

Muda na nyaraka

Dai la wategemezi lazima lifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu kifo. Gari likiwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Nyaraka za msingi ni abstrakti ya polisi, ripoti ya uchunguzi wa maiti, cheti cha kifo, rekodi ya NTSA na risiti za matibabu na mazishi. Namba ya ripoti katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi (OB) huandikwa mapema, maana bila hiyo faili ni vigumu kuifuatilia.

Sheria ya Mawakili hairuhusu makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Kwa sababu hiyo familia hustahili kuelezwa ada kwa maandishi kabla ya kuanza, na kujihadhari na madalali wanaowatafuta wafiwa mochwari.

Kesi nyingi humalizika kwa mazungumzo na kampuni ya bima kabla ya hukumu. Mwaka 2013 Bunge lilijaribu kuweka jedwali la viwango vya fidia, lakini Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu hivyo mwaka 2016, na makadirio yakabaki mikononi mwa mahakimu. Anayetia saini kwamba amelipwa kikamilifu hafungui tena dai hilo, hata akija kugundua kwamba alistahili mara mbili ya alichopewa.