Nyoka wa chini ya udongo: kipofu asiye na sumu na yule anayechoma pembeni

Mvua za kwanza zikianguka Kolwezi, udongo unalainika na wakaaji wanashika majembe. Njo saa ile nyoka wa chini ya udongo wanaonekana: shambani, ndani ya mashimo ya wachimbaji, hata kwenye parseli usiku. Mutu anaona kitu kidogo cha kung'aa, anasema: "Ile ni munyoo tu." Kiisha anakiokota. Hapo njo hatari inaanza, kwa sababu kuna nyoka wa namna mbili wanaofanana.

Wa kwanza ni nyoka kipofu. Mwili wake ni wa mviringo, kichwa na mkia karibu sawa, na macho yamefunikwa na magamba. Anakula mchwa na sisimizi pamoja na mayai yao. Hana sumu. Ukoo wake ni mkubwa: kisiwa cha Pemba, huko Tanzania, kina aina yake, Letheobia pembana, isiyopatikana fasi ingine yoyote duniani.

Wa pili ni Atractaspis. Aina moja, Atractaspis bibronii, inaishi kusini mwa Kongo. Ni mweusi au kahawia, mara nyingi hapiti sentimita 60. Anawinda mijusi, nyoka wengine na watoto wa panya ndani ya mashimo yao. Kwa kuwa kule chini hakuna nafasi ya kufungua kinywa, anatoa jino moja refu pembeni ya mdomo uliofungwa, anachoma kwa kurudisha kichwa nyuma. Njo maana hata ukimushika nyuma ya kichwa, kidole chako kinachomwa.

Kifo si cha mara nyingi, lakini maumivu ni makali, mkono unavimba, nyama inaweza kuoza na kidole kukatwa. Sindano za kupinga sumu ya nyoka wengine hazisaidii kwa huyu. Lopitali inatuliza maumivu na kutunza kidonda.

Akikuchoma, vua pete na saa mbele mkono haujavimba, usiutikise, kiisha nenda lopitali. Usifunge kamba, usichanje na wembe. Jiwe nyeusi halitoi sumu, linapoteza wakati.

Usiku vaa viatu na beba taa. Nyoka mdogo ukimukuta, musukume na koleo yenye mpini mrefu. Kama hujui ni yupi, usimuguse.