Kutoka Lengo Moja hadi Mtandao: Historia ya Usugu wa Saratani ya Matiti dhidi ya Tiba Lengwa, 1987–2015

Historia ya tiba lengwa ya saratani ya matiti huandikwa zaidi kama historia ya ushindi. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walichunguza vivimbe 189 na kukuta kwamba takriban 30% vilikuwa na nakala za ziada za jeni ya HER2, na kwamba wagonjwa wa kundi hilo walirudiwa na ugonjwa na kufariki mapema zaidi. Mwaka 1998 trastuzumab, kingamwili inayokishika kipokezi cha HER2 juu ya seli, iliidhinishwa nchini Marekani.

Insha hii inaisoma historia hiyo kwa upande wa pili. Katika jaribio la wanawake 469 lililochapishwa mwaka 2001, muda wa kati kabla ya ugonjwa kuendelea ulikuwa miezi 7.4 kwa waliopewa trastuzumab pamoja na kemotherapia, na miezi 4.6 kwa waliopewa kemotherapia peke yake. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwa wakati wake. Hata hivyo, takwimu hiyo hiyo yasema kwamba kwa nusu ya waliopata dawa mpya, ugonjwa ulikuwa umeendelea kabla ya miezi minane kutimia, ilhali wote walichaguliwa kwa kuwa vivimbe vyao vilizalisha HER2 kwa wingi. Kuwapo kwa lengo, basi, hakukutosha kueleza matokeo.

Katika Kiswahili cha tiba, neno usugu limezoeleka kwa vimelea vya malaria na bakteria wa kifua kikuu, yaani wageni waliouingia mwili. Katika saratani kinachokuwa sugu ni seli ya mgonjwa mwenyewe, nayo hutumia njia za mawasiliano ambazo seli yoyote huzihitaji ili iishi. HER2 ikiamshwa, huamsha kimeng'enya PI3K. Hicho huzalisha katika utando wa seli kiashiria cha mafuta kinachoiita protini AKT, na AKT huamuru seli ikue na isife. Protini PTEN hukivunja kiashiria hicho. Ndiyo breki ya njia nzima.

Mwaka 2004 watafiti wa Houston walionyesha kwamba wagonjwa ambao vivimbe vyao vimepoteza PTEN huitikia trastuzumab kwa udhaifu. Mwaka 2007 kundi la Amsterdam liliongeza mabadiliko ya PIK3CA, jeni inayounda sehemu tendaji ya PI3K. Mlango ulifungwa, lakini njia iliwaka kuanzia ndani. Maelezo haya yalipendeza mno, na pengine yalikubaliwa haraka kuliko ushahidi ulivyoruhusu, kwani mwaka 2013 uchambuzi wa jaribio la N9831, lililohusu ugonjwa wa hatua za awali, haukuona kwamba hali ya PTEN ilibadili manufaa ya trastuzumab. Kilichokuwa kweli kwa ugonjwa uliosambaa hakikuhama chenyewe hadi kwa ugonjwa wa mwanzo.

Wakati huohuo, dawa za kuizuia njia yenyewe zilileta fumbo jingine. Mwaka 2006 ilibainika kwamba kuizuia mTOR, protini iliyo chini ya AKT, huondoa mrejesho unaoituliza njia kutoka juu, hivyo AKT huamka zaidi. Dawa yenyewe ilikuwa imeisukuma seli kwenye usugu.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa mwanamke mmoja. Uvimbe wake ulikuwa na mabadiliko ya PIK3CA, naye aliitikia vyema alpelisib, dawa inayozuia PI3K, kabla ugonjwa haujarudi. Baada ya kifo chake tishu zilichukuliwa katika sehemu mbalimbali za mwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Vivimbe vilivyokuwa sugu vilikuwa vimepoteza PTEN, lakini kwa mabadiliko tofauti ya jeni katika sehemu tofauti: vilitengana kwa asili, vikakutana katika tokeo moja. Kipande cha tishu kilichotolewa sehemu moja kabla ya tiba kisingeweza kulionyesha hilo.