Ng'ombe 14 wa Enoosaen na kuku mmoja wa shosho

Mwaka nilioacha chuo, shosho alinitumia kuku. Kuku hai, miguu imefungwa, akaletwa na matatu hadi Nairobi. Mimi naishi chumba kimoja, ghorofa ya nne. Kuku nitamweka wapi? Siku hiyo hiyo nikamuuzia jirani, nikanunua bando. Kabla hujanihukumu, twende kwanza Enoosaen.

Enoosaen ni kijiji cha Wamaasai huko Trans Mara, Narok. Septemba 11, 2001, kijana wao Kimeli Naiyomah, aliyekuwa akisoma Marekani, alikuwa New York siku ile majengo yalipoanguka. Mwaka uliofuata akarudi nyumbani, akaketi na wazee, akawasimulia yote. Alikuwa na ng'ombe wake na akasema anataka kuwapa Wamarekani.

Wengi pale walikuwa wamesikia habari hiyo kwa redio tu. Wangesema pole, basi, maisha yaendelee. Marekani si ni tajiri? Itataka nini kutoka kwetu? Lakini wazee hawakupiga hesabu hiyo. Wengine wakaongeza ng'ombe wao, na mwanzoni mwa Juni 2002 naibu balozi wa Marekani, William Brencick, akaenda kukabidhiwa ng'ombe 14.

Nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza nilicheka. Ng'ombe kwa Marekani, kweli? Nilicheka kwa sababu sikujua ng'ombe ni nini pale. Mmaasai akikupa ng'ombe, mnaweza kuanza kuitana pakiteng, neno linalotokana na ng'ombe mwenyewe. Yaani zawadi inakuwa jina lenu. Hapo umepewa undugu, na nyama ni kitu kingine kabisa.

Sasa shida ikawa kwa mpokeaji. Kusafirisha ng'ombe 14 hadi New York ni kazi ngumu na ghali. Ubalozi ukafikiria kuwauza na kununua shanga za Kimaasai, zipelekwe badala yao. Kwa akili ya ofisi, hiyo ni sawa kabisa. Lakini unauzaje undugu sokoni?

Mwishowe hawakuuzwa. Walibaki Enoosaen wakitunzwa na Wamaasai wenyewe, wakazaana. Mwaka 2006 balozi Mark Bellamy alitangaza ufadhili wa masomo kwa wanafunzi 14 wa pale. Hesabu ni ile ile, kumi na nne. Hapo ndipo naona Wamarekani walielewa walichopewa.

Sisi huongea kuhusu kujali kana kwamba ni kazi ya anayetoa peke yake. Mimi nasema anayepokea pia ana kazi. Kabla ya kuuliza hiki kitu kitanisaidia nini, uliza kimemgharimu nini aliyekileta, na alitaka kukuambia nini.

Shosho alikuwa na kuku watatu. Kila mtu nyumbani alikuwa amenikasirikia kwa kuacha chuo. Yeye hakusema kitu, alituma kuku. Na kila akipiga simu, huuliza, "Ameanza kutaga?" Mimi hujibu, "Bado kidogo, shosho." Miezi mitatu sasa.

Jumamosi naenda nyumbani kumwambia ukweli. Shosho hayuko mitandaoni, lakini binamu zangu mko hapa. Tafadhali, msiniwahi.