Sherifu si Sharifu: Historia ya Ofisi Moja na Somo kwa Mfasiri

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na neno "sheriff" katika habari za Marekani, aghalabu hufuata njia moja kati ya mbili. Ama huandika "mkuu wa polisi" na kuendelea na kazi yake, ama hulitohoa neno lenyewe mpaka likakaribiana mno na "sharifu". Njia zote mbili zina hasara. Ya kwanza inaficha kiini cha ofisi inayotajwa. Ya pili inaunganisha koo mbili zisizojuana. Katika makala haya tunaeleza historia na kazi za ofisi ya sherifu wa kaunti, kisha tutazame mfasiri afanye nini.

Tuanze na neno lenyewe. "Sharifu" limetokana na Kiarabu, na katika mwambao wa Afrika Mashariki humtaja mtu anayenasibishwa na ukoo wa Mtume Muhammad. "Sheriff" limetokana na Kiingereza cha kale, nalo liliundwa kwa maneno mawili: "scir", yaani mkoa, na "gerefa", yaani msimamizi. Kwa hiyo "scirgerefa" alikuwa msimamizi wa mfalme katika mkoa. Kufanana kwa sauti ni sadfa tu.

Ofisi hiyo ilikuwapo Uingereza kabla ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Watawala wapya hawakuifuta. Waliona ina faida. Sherifu alikusanya mapato ya mfalme, aliongoza baraza la mkoa, na alikuwa na uwezo wa kuwaita wanaume wa mkoa wamsaidie kumsaka mhalifu. Alitakiwa kutoa hesabu mbele ya hazina ya mfalme, na hesabu hizo ziliandikwa juu ya ngozi zilizoviringishwa. Ya zamani kabisa iliyosalia ni ya mwaka 1130. Mara nyingi sherifu alidaiwa kiasi maalumu cha fedha, na ziada aliyoipata ikawa yake. Hapo ndipo malalamiko yalipoanzia. Mwaka 1170 Mfalme Henry wa Pili aliagiza uchunguzi, na masherifu wengi wakaondolewa. Hati ya Magna Carta ya mwaka 1215 nayo iliwawekea mipaka: sherifu asichukue farasi wala mkokoteni wa mtu huru bila ridhaa yake, wala asisikilize mashauri ya mfalme.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa. Akida wa enzi ya Wajerumani naye alikusanya kodi na kuamua mashauri kwa niaba ya mtawala aliyekuwa mbali, na chuki dhidi ya maakida ni miongoni mwa mambo yaliyochochea Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mtu aliyeteuliwa kutoka juu, akapewa kodi, sheria na silaha kwa pamoja, huwa mzigo kwa walio chini yake.

Waingereza waliohamia Amerika walikwenda na ofisi hii. Koloni la Virginia liligawanywa katika mikoa minane mwaka 1634, na masherifu wakawekwa. Lakini huko ofisi ilibadilika. Katiba ya Maryland ya mwaka 1776, mathalani, iliagiza sherifu wa kila kaunti apatikane kwa kura. Mabadiliko ya namna hiyo yalienea baadaye, hata mtumishi wa mfalme akawa mtumishi wa wapiga kura. Leo Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na nyingi zina sherifu aliyechaguliwa, kwa kawaida kwa kipindi cha miaka minne. Zipo tofauti: Alaska haina masherifu wa kaunti, na Connecticut iliifuta ofisi hiyo kwa kura ya wananchi mwaka 2000.

Filamu za Magharibi ya Marekani zimemfanya sherifu aonekane mtu wa farasi na bastola tu. Ukweli una mambo zaidi. Katika Kaunti ya Cochise, Arizona, mwaka 1881, sherifu Johnny Behan alikuwa pia mkusanya kodi, na sehemu ya kodi ilikuwa malipo yake. Ndiyo maana cheo hicho kiligombewa. Virgil Earp, aliyehusika katika mapigano mashuhuri ya Tombstone ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo, hakuwa sherifu. Alikuwa mkuu wa ulinzi wa mji. Mji na kaunti ni mamlaka mbili, na mpaka huo ungalipo hadi leo.

Je, ofisi hii hufanya nini hasa? Kazi zake ni za aina tatu. Kwanza, askari wake, ambao ni manaibu wa sherifu kwa cheo, hulinda maeneo ya kaunti yasiyo chini ya polisi wa mji. Miji mingine hukodi huduma yao: Lakewood, California, iliingia mkataba wa namna hiyo na Kaunti ya Los Angeles mwaka 1954, na miji mingi ikafuata. Pili, sherifu huendesha jela ya kaunti. Humo huwekwa hasa wanaongoja kesi na wenye vifungo vifupi. Wenye vifungo virefu hupelekwa magereza ya jimbo. Tatu, hutumikia mahakama: hulinda majengo yake, hupeleka hati za wito, hukamata wanaotakiwa na hutekeleza amri za kuwatoa watu katika nyumba. Baraza la kaunti hupanga bajeti yake, lakini kwa kawaida haliwezi kumwamrisha wala kumfukuza kama linavyoweza kwa mwajiriwa. Bosi wake ni mpiga kura.

Swali zito basi ni hili: nani anaruhusiwa kupiga kura? Selma, katika Kaunti ya Dallas, Alabama, ndiyo mfano tunaopenda wanafunzi waujue. Watu weusi walikuwa karibu nusu ya wakazi, lakini walioandikishwa kupiga kura walikuwa wachache sana. Sherifu Jim Clark aliwazuia waliojaribu kujiandikisha, na tarehe 7 Machi 1965 kikosi chake cha raia, wengine wakiwa juu ya farasi, kiliungana na askari wa jimbo kuwapiga waandamanaji karibu na daraja la Edmund Pettus. Uwezo ule wa kale wa kuita raia ulikuwa umegeuzwa rungu. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huohuo, na mwaka 1966 Clark alishindwa katika uchaguzi. Mwaka huo pia Lucius Amerson, mtu mweusi, alichaguliwa kuwa sherifu wa Kaunti ya Macon katika jimbo lilelile.

Kura, hata hivyo, haitoshi peke yake. Lee Baca, aliyekuwa sherifu wa Los Angeles tangu mwaka 1998 hadi 2014, alitiwa hatiani mwaka 2017 kwa kuzuia uchunguzi kuhusu mateso ndani ya jela za kaunti. Mwaka 2022 wapiga kura wa kaunti hiyo walilipa baraza lao uwezo wa kumwondoa sherifu kwa sababu maalumu.

Turudi kwa mfasiri. Wakongo wengi wasemao Kiswahili wamehamia Marekani kama wakimbizi. Familia ikipata hati ya kuhama nyumba kutoka ofisi ya sherifu, na mkalimani akasema tu "barua ya polisi", wenye nyumba watadhani wanatuhumiwa uhalifu. Huenda wakajificha, ilhali hilo ni shauri la madai lenye tarehe, na tarehe hiyo haingoji.

Tunapendekeza "sherifu wa kaunti", na wingi wake "masherifu", pamoja na maelezo mafupi neno linapotajwa mara ya kwanza: afisa, aghalabu wa kuchaguliwa, anayesimamia ulinzi, jela na amri za mahakama katika kaunti. Tusisahau kwamba Scotland cheo hicho ni cha hakimu, na Uingereza yenyewe kimebaki cha heshima, cha mwaka mmoja bila mshahara. Tena, neno "kaunti" lisimpotoshe msomaji anayezijua kaunti 47 za Kenya: hizo zina magavana, hazina masherifu, na polisi ni wa taifa zima.

Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri jina la cheo, mwanafunzi aulize maswali matatu: mwenye cheo anafanya kazi gani, nani alimweka, na nani anaweza kumwondoa? Akishapata majibu, ndipo achague neno.