Mombasa na Miji Mikuu Miwili

Walimu wenzetu watokao bara, wakipelekwa kufundisha pwani ya Kenya, hushangaa kusikia jinsi jina la Nairobi litajwavyo huko kwa uchungu. Wengine wamepata kuyasoma ukutani maneno "Pwani si Kenya", yaliyoenezwa na chama cha Mombasa Republican Council, ambacho serikali ilikipiga marufuku mwaka 2010 na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Wakadhani kwamba jambo lote lilianza na chama hicho. Sivyo. Kinyongo hiki ni kikongwe kuliko Nairobi yenyewe, maana kabla ya kuelekezwa Nairobi kilielekezwa Unguja. Nasi twaona kwamba atakaye kukifahamu sharti aanzie huko, tena asiishie katika habari za watawala tu, bali aangalie na habari za lugha.

Mombasa haikuwa mji wa kutawaliwa kwa urahisi. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waarabu wa Omani mwaka 1698. Maliwali wa ukoo wa Mazrui, waliowekwa na Omani, walijitenga nayo katika karne ya 18 wakautawala mji peke yao, wakishauriana na wakuu wa Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Na bila shauri la wakuu hao hakuna liwali aliyekaa kwa raha. Sayyid Said alipotaka kuurudisha mji chini ya mkono wake, Mazrui walitafuta ulinzi wa Waingereza kwa Kapteni Owen mwaka 1824, lakini ulinzi huo uliondolewa mwaka 1826. Wakapigana naye miaka kadhaa, naye hakuweza kuushika mji. Hata mwaka 1837 akaingia, si kwa nguvu ya mizinga zaidi ya kwa mafarakano ya wenyeji; kisha wakuu wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa uhamishoni. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, aliishi siku hizo zote, na mashairi yake ya vita yalikuwa silaha ya mji wake. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa ajifunzapo ushairi wa kwao, hujifunza papo hapo kwamba mji wake uliwahi kumkatalia mtawala aliyekaa ng'ambo ya maji.

Tokea hapo Unguja ikawa mji mkuu wa pwani yote, na Mombasa ikawa mji wa liwali. Wamisionari nao, bila kukusudia, wakaingia katika ugomvi huo. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaandika kamusi yake kwa maneno ya huko, ikachapishwa mwaka 1882. Steere alikaa Unguja, akatoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870. Basi misheni mbili zikawa na Kiswahili mbalimbali, hii ikisema macho, mchele na njia, na ile ikisema mato, mtele na ndia. Biblia nzima ya Kimvita ilichapishwa mwaka 1914, nayo ya Kiunguja ilikwisha kutoka kabla ya karne ya 19 kwisha.

Mji mkuu wa pili ulikuja kwa reli. Mwaka 1895 Waingereza waliifanya nchi hii kuwa chini ya ulinzi wao, wakaikodi pwani, upana wa maili 10, kwa Sultani wa Unguja. Mwaka 1896 kazi ya reli ilianza Mombasa. Mwaka 1899 ikafika mahali penye majimaji palipoitwa Nairobi, ambapo hapakuwa na mji. Miaka sita tu ikapita, na mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishwa huko kutoka Mombasa. Tumewasikia wazee wakilisimulia jambo hili kama mtu asimuliavyo kuhusu yaya aliyegeuka kuwa mwenye nyumba. Bandari ilibaki Mombasa, maana bahari haihamishiki. Bali mashauri juu ya bandari yalipanda juu pamoja na reli.

Mwaka 1928 ukafanyika mkutano wa kuchagua Kiswahili kimoja kwa nchi zote nne za Afrika Mashariki. Watu wa misheni ya Mombasa walikitetea Kimvita kwa kuwa ndicho chenye mashairi mengi, lakini kilichochaguliwa ni Kiunguja. Na mkutano huo ulifanyika wapi? Mombasa. Twakiri kwamba sababu za uchaguzi zilikuwa na nguvu: Kiunguja kilikuwa kimekwisha kwenda na misafara hata maziwa makuu, na lugha ya mafundisho haiwezi kuwa na vichwa viwili. Lakini hati iliyotungwa haikutenga t mbili za Kimvita, na yaliyokuwa maneno ya nyumbani yakawa makosa ya shuleni. Sisi wenyewe, tulipokuwa watoto katika shule ya misheni, tuliandika katika insha kwamba babu alisimulia kisa nasi tukateka sana. Mwalimu akapiga mstari mwekundu akauliza, "Mliteka nini, maji au mji?" Darasa likacheka, kwa Kiunguja. Mwalimu huyo hakuwa mtu mbaya. Alifuata mwongozo wa mtihani, nao ulitoka Nairobi.

Ila yafaa tuseme na upande mwingine, ambao wapenzi wa Mombasa huupitia upesi. Mombasa nayo ilikuwa mji mkuu kwa wengine. Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda waliona ardhi nyingi ya pwani ikiandikwa kwa majina ya watu wa mjini, nao wakabaki wakilima kama wageni. Ndiyo sababu, uhuru ulipokaribia, pwani haikusema kwa kinywa kimoja. Chama cha Mwambao kiliitaka ile pwani ya maili 10 ijitenge. Ronald Ngala, Mgiriama aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa, hakutaka kurudishwa chini ya Sultani, akataka majimbo ndani ya Kenya. Oktoba 1963 ilikubaliwa kwamba pwani iunganishwe na Kenya. Majimbo aliyoyapata Ngala hayakudumu: chama chake cha KADU kilijivunja Novemba 1964, na jamhuri ilipoanza Desemba mwaka huo, mamlaka yote yakakusanyika tena Nairobi. Hata katiba ya mwaka 2010 ilipoleta kaunti 47, bandari ilibaki mali ya serikali kuu. Mwaka 2019, ilipoamriwa mizigo ipandishwe kwa reli mpya hata Nairobi ndipo itolewe, watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Na Septemba 2022 rais mpya akatangaza kazi hiyo irudi bandarini.

Kwa habari ya lugha, jambo moja latufurahisha. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa kuandika waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki, nayo ni ya Kimvita. Yalichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, ambaye ndiye aliyekuwa rais alipofungwa.

Nyumbani kwetu imo sandukuni Biblia ya Kimvita iliyokuwa ya bibi yetu, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Majuzi mwanafunzi mmoja aliifungua, akasoma mistari michache kwa sauti, akatuuliza ni nani aliyeichapisha yenye makosa mengi hivi. Tulimketisha, tukamwambia aisome tena polepole, kama asemavyo mama yake akimwita jioni.