Karabati, siriba, paka, pamba: vitenzi vya kuipa nyumba sura mpya

Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba kazi zote za kuing'arisha nyumba iliyochakaa. Kila kazi ina kitenzi chake, na mwandishi huchagua kwa kuzingatia kilichotendeka.

Karabati: kurejesha kilichoharibika katika hali nzuri. *Paa lililokuwa likivuja limekarabatiwa.* Chumba kilichobadilishwa rangi tu hakijakarabatiwa, kimepakwa rangi.

Siriba: kufunika ukuta kwa udongo, chokaa au saruji ili uwe laini. Mafundi wa Tanzania husema pia *piga lipu*. Wa Kenya, *piga plasta*.

Paka: kueneza kitu juu ya uso wa kitu kingine: *paka rangi*, *paka chokaa*. Nguo inayochovywa hadi ikolee *hutiwa* rangi, ukuta *hupakwa*.

Pamba: kuongeza uzuri, kwa mfano kwa mapazia, mazulia au picha. Kinyume chake ni *pambua*, yaani kuondoa mapambo.

Matumizi

Tofauti hizi zina uzito nje ya kamusi pia. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa huacha unyevu wa ukutani utoke. Saruji huuzuia, na hatimaye ukuta huharibika na lipu hubanduka. Mkataba unaosema *ukuta utakarabatiwa* humwachia fundi uchaguzi wa nyenzo, naye akitumia saruji hajavunja sharti lolote.

Hata *ukuta utatiwa chokaa* hakutoshi, kwa kuwa chokaa ni nyenzo ya kusiriba na pia ya kupaka: ya kwanza huulinda ukuta, ya pili huufanya mweupe na kukitia chumba nuru. Sentensi isiyo na utata ni hii: *Ukuta utasiribwa kwa chokaa, kisha utapakwa chokaa.*

Tanbihi

*Kuipa nyumba sura mpya* hujumuisha kazi zote hizi. Hufaa katika kichwa cha makala au tangazo. Katika mkataba na maelekezo ya fundi, kila kazi itajwe kwa kitenzi chake, pamoja na nyenzo yake.