Cheche na Vipimo: Tarehe ya Ndege Zilizoundwa Nyumbani

Waandikao habari za ndege ndogo, zile ambazo mtu huziunda kwa mikono yake katika banda la uani au katika ghala la shambani, aghalabu husifu mbawa na kiwiliwili, nao wana haki kufanya hivyo, kwa kuwa ubao uliorandwa ukawa laini na kitambaa kilichovutwa kikakaza ni vitu vinavyopendeza hata macho ya asiyejua lolote katika fani hiyo. Lakini yako mambo mawili yaliyofichika, moja mgongoni mwa injini na la pili nyuma ya dashibodi, ambayo tangu mwanzo yamekuwa na sauti kubwa katika kuamua ni nani atakayerudi chini salama: cheche inayowasha mafuta ndani ya silinda, na vipimo vinavyompa rubani habari ambazo mwili wake hauwezi kumpa. Nia yangu ni kuieleza tarehe ya mambo hayo mawili, kwa sababu naamini kwamba ndani yake umo ukweli ambao haujapewa haki yake, nao ni kwamba waundaji wa nyumbani hawakuwa wanafunzi wa viwanda tu, bali mara nyingine walivitangulia.

Wilbur na Orville Wright wa mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio huko Marekani, walikuwa mafundi wa baiskeli, na ndege yao ya mwaka 1903 ilikuwa kwa kila hali ndege ya kuundwa nyumbani. Walipokosa kiwanda cha kuwauzia injini nyepesi waliyoitaka, fundi wao Charles Taylor aliwaundia katika karakana ile ile ya baiskeli, kwa muda wa wiki sita hivi, injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 12 tu. Injini hiyo haikuwa na plagi. Ndani ya kila silinda mlikuwa na ncha mbili za chuma zilizogusana na kuachana, na katika kuachana kwake ndipo cheche ilipozuka, kwa umeme wa magneto ndogo iliyozungushwa na injini yenyewe. Betri na koili zilitumika kuiamsha tu, kisha zikaachwa mchangani pale Kill Devil Hills, kwani ndege ile haikuwa na nguvu ya kuchukua hata ratili moja ya ziada.

Vipimo vyake vilikuwa vitatu: saa ya kupimia muda, kipimo cha upepo kilichotoka kwa mafundi wa Richard wa Ufaransa, na kihesabio cha mizunguko ya injini, na vyote vitatu vilisimama kwa pamoja rubani alipoyakata mafuta. Hapana hata kimoja kilichowekwa ili kitazamwe angani. Vilikuwa mashahidi wa kuulizwa baadaye, ndege ikiisha kutua, ili ndugu wale wapate kujua kwa hesabu wamepita umbali gani hewani na injini imezunguka mara ngapi, katika sekunde 12 za safari ya kwanza na katika sekunde 59 za safari ya nne siku ile ile ya tarehe 17 Desemba. Katika ndege zao za baadaye, kipimo walichokitazama wakiwa angani kilikuwa kipande cha uzi kilichofungwa mbele yao, ambacho hupeperuka kando ndege inapoteleza ubavu. Na uzi kama huo ungali unabandikwa hata leo juu ya kioo cha ndege zisizo na injini, kwa kuwa hakuna chombo chepesi kuliko huo kitakachosema kweli upesi namna ile.

Magneto yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya anga. Robert Bosch wa Stuttgart, huko Ujerumani, aliitengeneza mwaka 1887 kwa ajili ya injini zilizofungwa mahali pamoja, na mwaka 1902 fundi wake Gottlob Honold akatoa ile ya umeme mkali, iliyoweza kurusha cheche katika plagi bila ya msaada wa chombo kingine. Usanifu wake ni wa ajabu kwa wepesi wa maana yake: sumaku huzunguka karibu na koili, umeme huzaliwa katika waya mnene wa koili hiyo, pointi hufunguka ghafula na kuukata, na katika kukatika kwake umeme mwingine wenye nguvu nyingi mno huruka katika waya mwembamba ukatafuta njia ya kupita, nao hauipati ila katika mwanya wa plagi. Maadamu injini inazunguka, magneto inazaa cheche. Haiombi betri, haiombi jenereta, na hata waya wote wa ndege ukiungua, injini itaendelea kunguruma. Ni mfano wa nahodha achukuaye maji yake mwenyewe chomboni, asiyehitaji kutia nanga katika bandari ya mtu.

Kwa sababu hiyo, maskini aliyetaka kuruka alijifunza upesi kuitafuta magneto hata pale injini yake ilipokuja na mfumo mwingine. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekaa Paris, alikataa kujihodhia haki ya ndege yake ndogo iitwayo Demoiselle, na michoro yake ikachapishwa mwaka 1910 katika jarida la Marekani la Popular Mechanics, ili atakaye aunde. Miaka ishirini hivi baadaye, Bernard Pietenpol wa kijiji cha Cherry Grove, huko Minnesota, aliirusha ndege yake Air Camper kwa injini ya motokaa ya Ford ya aina ya A, yenye nguvu za farasi 40, na michoro yake nayo ikatolewa kwa umma mwaka 1932. Motokaa ile iliwashwa kwa betri, koili na distribyuta. Pietenpol akaviondoa akafunga magneto mahali pake, na kwa tendo hilo moja akaikomboa ndege yake katika utumwa wa betri. Huko Ufaransa, Henri Mignet aliirusha Pou-du-Ciel yake mwaka 1933, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kikawatia watu wengi wa Ulaya hamu ya kuunda. Lakini vifo vilivyofuata, ambavyo asili yake ilikuwa katika mpangilio wa mbawa, viliwafanya watawala waikataze, na tangu hapo serikali zikaanza kuwatazama waundaji wa nyumbani kwa jicho la hadhari.

Injini kubwa zilikuwa zimekwisha kupata magneto mbili, kila silinda na plagi mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Na zaidi ya usalama, mafuta yanayowashwa pande mbili huungua vizuri zaidi. Injini ya Whirlwind iliyomvusha Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki mwaka 1927, kwa saa 33 na nusu, ilikuwa na magneto mbili. Ni hapa, katika kuzifunga hizi mbili, ndipo usikivu wa mwundaji unapopimwa. Magneto lazima irushe cheche kabla pistoni haijafika juu, katika injini nyingi za Lycoming nyuzi 25 kabla, na mafundi wa zamani walikuwa na njia yao: huziba tundu la plagi ya silinda ya kwanza kwa kidole gumba, huzungusha rafadha taratibu hata hewa ikakisukuma kidole, ishara kwamba pistoni inapanda kubana, kisha huisimamisha rafadha penye alama, halafu hutia karatasi nyembamba ya sigara baina ya pointi za magneto na kuizungusha magneto yenyewe kidogo kidogo huku wakiivuta karatasi. Karatasi ilipoteleza na kutoka bila kukwama, hapo ndipo pointi zinapofunguka, na hapo ndipo hukaza nati.

Liko jambo jingine, nalo ni la khatari, ambalo kila mwundaji hulikariri kwa wenziwe. Taa ya nyumbani huzimwa kwa kuukata waya, bali magneto huzimwa kwa kuuunganisha: swichi inapowekwa mahali pa kuzima, huupeleka umeme wa koili kwenye mwili wa injini, ukapotea humo bila ya kuzaa cheche. Natija yake ni kwamba waya mdogo ule unaotoka swichini hadi kwenye magneto ukikatika, au ukilegea kwa mtikisiko, magneto haizimiki tena, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwenyewe. Na mtu aliyeisogeza rafadha kwa mkono akidhani injini imelala, huweza kupoteza mkono au uhai. Kwa hiyo kabla ya kuruka rubani huizima magneto moja kisha nyingine huku injini ikizunguka, na mizunguko hutakiwa ipungue, lakini upungufu usizidi 175 kwa dakika katika injini hizo za Lycoming, na tofauti baina ya magneto mbili isizidi 50. Isipopungua kabisa, asiyejua hufurahi, ilhali ajuaye huizima injini akaenda kuutafuta waya uliokatika.

Sasa nije kwenye vipimo. Louis Blériot alipoivuka Mlangobahari wa Uingereza tarehe 25 Julai 1909 hakuwa na dira, na ukungu ulipomfunika kwa dakika kama kumi hakuona bara mbele wala nyuma, wala merikebu ya kumwonyesha njia. Alisalimika, lakini wengi walioingia mawinguni baada yake hawakusalimika, kwa sababu sikio la mwanadamu, ambalo ndani yake mna kipimo chetu cha usawa, humdanganya mtu aliyemo katika mzunguko mrefu, likamwambia kwamba ananyooka. Dawa yake ilionekana hadharani tarehe 24 Septemba 1929 katika uwanja wa Mitchel, Long Island, pale Jimmy Doolittle aliporuka, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akiongozwa na redio, na kipimo cha kimo cha Paul Kollsman kilichokuwa chepesi wa kuhisi kuliko vya zamani, na vyombo vya jairoskopu vya akina Sperry vilivyomwonyesha upeo wa macho wa bandia na uelekeo.

Vyombo hivyo vilikuwa ghali, na mwundaji wa nyumbani hakuvipata kwa wingi ila baada ya mwaka 1945, wakati mabaki ya vita yalipouzwa kwa bei ya chini na saa za ndege za kivita zikaingia katika ndege za mbao. Kipimo cha mwendo kwa asili si chombo kigeni: mwaka 1732 Henri Pitot alitia mrija uliopindwa katika maji ya mto Seine ili apime kasi yake, na mrija huo huo, ukielekezwa kwenye upepo badala ya maji, ndio uliomo ubavuni au chini ya bawa la kila ndege. Mwundaji asiye na mashine ya kupimia hukithibitisha kipimo chake kwa mrija angavu uliopindwa kama herufi U, uliotiwa maji yenye rangi kidogo na kuunganishwa na mrija wa ndege. Kisha huusukuma upepo taratibu mno, kwa maana pumzi kali ya kinywa huweza kukivunja chombo. Maji ya upande mmoja yakiwa juu ya yale ya upande wa pili kwa milimita 125, mshale hauna budi kuonyesha maili 100 kwa saa; yakiwa milimita 31, maili 50. Mwendo ukigawanyika mara mbili, maji hushuka mara nne, na ndiyo sababu kuvuja kidogo kwa mrija hudhuru zaidi pale penye khatari zaidi, katika mwendo mdogo wa kutua. Anayeuacha mrija usiku kucha, asubuhi akakuta maji hayajashuka, ana ithibati bora kuliko cheti chochote.

Mnamo Januari 1953 Paul Poberezny na wenzake walikutana Milwaukee wakaanzisha Experimental Aircraft Association, ambayo makao yake ya kwanza yalikuwa chini ya nyumba yake mwenyewe, na ambayo tangu mwaka 1970 hukutanisha watu Oshkosh karibu kila mwaka. Sheria ya Marekani ilimkubalia raia kuruka na ndege aliyoiunda, mradi sehemu kubwa ya kazi imefanywa na wasio wafanya biashara, kwa ajili ya elimu au burudani, na ndege ichukue waziwazi neno la kwamba ni ya majaribio. Naona sheria hiyo ilikuwa na hekima kubwa kuliko walivyodhani walioiandika. Kiwanda kilichotaka kubadilisha magneto au kipimo kililazimika kupitia miaka ya vyeti na gharama, na kwa hiyo ndege za viwandani zilibaki na magneto ambazo usanifu wake ulikuwa wa enzi za babu zao. Mwundaji wa nyumbani, kwa kuwa aliyewekwa rehani ni yeye mwenyewe, aliachiwa ajaribu.

Naye alijaribu. Magneto ya kale hurusha cheche penye nyuzi zile zile 25, injini ikiwa katika nguvu zote au katika safari ya polepole juu angani ambako hewa ni nyembamba na mafuta huungua kwa kuchelewa, ilhali mfumo wa kielektroniki huweza kuitanguliza cheche kadiri ya haja, na kwa hiyo hupunguza mafuta yanayoliwa. Dosari yake ni ile ile aliyoikimbia Pietenpol: umeme ukikatika, cheche imekufa. Jawabu la waundaji lilikuwa la busara. Wengi waliiondoa magneto moja wakafunga mfumo mpya mahali pake, wakaiacha ya pili isiyotegemea kitu, wakaishi na zote mbili kwa miaka mpaka imani yao ikathibitika. Na walioziondoa zote mbili waliongeza betri ya pili yenye njia yake pekee. Injini ya Rotax 912 ya Austria, iliyopata cheti mwaka 1989 na kuenea sana katika ndege ndogo, ilikuja na mifumo miwili ya kielektroniki inayozalishiwa umeme wake na injini yenyewe, yaani uhuru wa magneto uliovaa nguo mpya.

Kwa vipimo ilikuwa vivyo hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 21, vihisio vidogo visivyo na gurudumu la kuzunguka la jairoskopu vilikuwa vimeshuka bei, na wenye ndege za kujiundia wakawa miongoni mwa wa kwanza kufunga skrini moja pale palipokuwa na vipimo sita, huku wengi wao wakiacha kando kipimo kimoja cha mwendo na kimoja cha kimo vya namna ya kale, visivyohitaji umeme. Na mwaka 2016 jumuiya ile ile iliyozaliwa chini ya nyumba ya Poberezny ilipata idhini ya serikali ya Marekani ya kufunga skrini ya Dynon, iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya ndege za majaribio, ndani ya Cessna 172 na ndugu zake kadha, ndege zilizotoka kiwandani na vyeti vyake vyote.